Wiki moja ndani ya darasa la pili: kwa wazazi mnaouliza "mbona daftari halijai?"

#1 ChakiNaUbao (mleta uzi)

Wakuu, salaam.

Nafundisha darasa la pili. Kila Ijumaa watoto wanapochukuliwa, kuna swali sikosi kuulizwa: "Mwalimu, wiki nzima imeisha, mbona daftari halina kitu?" Anayeuliza ameshafungua begi palepale mlangoni, ameshahesabu kurasa, ameshalinganisha na za mtoto wa jirani na hukumu ameshaitoa. Nimeona nifungue uzi nieleze wiki inavyokwenda humo ndani, siku kwa siku.

Hoja yangu naitanguliza ili mwenye haraka aishie hapa. Wiki ya darasa la pili haina mambo matano mapya. Ina jambo moja kwa kila somo, na hilo moja linarudi kila siku kwa sura nyingine. Kilichoandikwa daftarini ni masalia tu. Kazi yenyewe ilishafanyika mdomoni, mikononi na sakafuni.

Wiki ninayoisimulia iko hivi: hisabati ni kutoa kwa kukopa, namba za tarakimu mbili. Kusoma ni *ng* na *ng'*. Sayansi tunaotesha mbegu. Kuchora, kuimba na michezo vipo pia, ila nikivianza hapa hatutamaliza.

Jumatatu. Watoto wanarudi wamesahau. Hilo halina uhusiano na uvivu wala malezi. Mjerumani Hermann Ebbinghaus alijipima mwenyewe kwa kukariri silabi zisizo na maana, akachapisha matokeo yake mwaka 1885: usahaulifu huja kwa kasi mwanzoni, kisha hupungua mwendo. Siku mbili za kukaa nyumbani zinatosha kabisa kufuta kilichoonekana kimekaa vizuri Ijumaa. Kwa hiyo kipindi cha kwanza hakuna jipya. Nauliza maswali mafupi, moja la wiki iliyopita, moja la mwezi uliopita, moja la zamani kabisa, na madaftari yamefungwa. Wanajibu kwenye vibao vyao vidogo, wananyanyua, wanafuta. Kurasa zilizoandikwa: sifuri.

Madaftari nayafunga kwa makusudi. Mwaka 2006 Roediger na Karpicke walichapisha jaribio walilofanya na wanafunzi wa chuo kikuu. Kundi moja lilisoma andiko na kulirudia, jingine lilisoma kisha likajaribu kulikumbuka bila kuliangalia. Baada ya dakika tano waliorudia kusoma ndio walioongoza. Baada ya wiki mambo yakageuka, waliojilazimisha kukumbuka wakawa juu. Wangu ni wadogo kuliko wale, lakini ninachokiona darasani kinakwenda upande huohuo.

Kipindi cha pili nikaandika ubaoni 52 − 27. Sikufundisha kitu, nilitaka nione tu. Robo tatu ya darasa wakaandika 35.

#2 BabaWawili

35 imetoka wapi tena? Hawa watoto wanabahatisha.

#3 ChakiNaUbao

Hawabahatishi mkuu, ndiyo maana jibu ni moja kwa wengi. Angalia safu ya mamoja: 2 kutoa 7. Tangu darasa la kwanza mtoto ameambiwa kubwa ndiyo inayotolewa ndogo. Sasa anaona 2 na 7, anachagua kubwa mwenyewe: 7 kutoa 2 ni 5. Makumi, 5 kutoa 2 ni 3. Jibu 35. Ana kanuni, anaifuata kwa uaminifu kabisa, ila si kanuni ya kazi hii. Ukimpa maswali ishirini ya aina hiyo atayakosa yote ishirini, kwa mwandiko mzuri, na daftari litajaa kama unavyotaka.

#4 BabaWawili

Sasa si umwambie tu "2 haitoshi, kopa kwa jirani", yaishe? Sisi tulifundishwa hivyo, dakika tano tukaelewa.

#5 ChakiNaUbao

Ukimwambia hivyo leo, atapata leo. Keshokutwa mpe 50 − 27 uone. Mmoja ataandika 37 (0 na 7, kubwa ni 7). Mwingine atakopa lakini asipunguze alikokopa, aje na 33. "Jirani" kwake ni alama ya kuchora juu ya namba, hajui kilichohama ni nini.

Jumanne basi. Kila jozi ya watoto ina vijiti: mafungu yaliyofungwa kwa mpira, kila fungu vijiti kumi, na vijiti vichache vilivyo huru. Nikasema, wekeni 52 mezani. Wakaweka mafungu matano na vijiti viwili. Sasa mpe mwenzako 27.

Hapo ndipo ninapokunja mikono na kunyamaza, na ndicho kipande ninachokipenda kuliko vyote katika wiki nzima. Mafungu mawili yanatoka haraka. Yanabaki mafungu matatu na vijiti viwili, na bado anadaiwa saba. Anampa viwili. Bado tano. Anayaangalia mafungu. Kuna anayeuliza, "Mwalimu, naruhusiwa kufungua?" Kuna anayejaribu kuchomoa vijiti katikati ya fungu bila kuvua mpira. Kuna mmoja alimpa mwenzake fungu zima, akanyoosha mkono: "Nirudishie tano." Huyo wa mwisho hakuna aliyemfundisha njia hiyo, na ni njia sahihi kabisa!

Jibu la 25 linapatikana kila meza. Kisha tunafanya tena kwa utaratibu: tunavunja fungu kwanza, kabla ya kutoa. Sasa kuna mafungu manne na vijiti kumi na viwili. Bado ni 52? Hilo swali naliuliza kila jozi, na kuna wanaohesabu upya kimoja kimoja kuhakikisha kuwa hakuna kilichopotea. Waache wahesabu. Mtoto ambaye hana uhakika kwamba makumi manne na mamoja kumi na mbili ndiyo ileile 52, huyo hajaanza kukopa, hata kama mkono wake unajua kuandika kimoja kidogo juu ya 2.

Maandishi ya Jumanne: mchoro mmoja wa mafungu, na mstari mmoja wa namba chini yake.

#6 Mama_Mapacha

Mwalimu, hapa mimi ndipo ninapogombana na wanangu. Nawafundisha nyumbani nilivyofundishwa: 2 inakuwa 12, halafu ile 2 ya chini inakuwa 3. 12 kutoa 7 ni 5, 5 kutoa 3 ni 2. Jibu 25. Wananiambia "mama hujui, mwalimu hafanyi hivyo". Nimekosea wapi?

#7 ChakiNaUbao

Hujakosea popote, mama. Hiyo ni njia ya kuongeza sawa, na inafanya kazi kila mara. Unaongeza kumi juu na kumi chini, tofauti haibadiliki. 62 − 37 nayo ni 25, jaribu. Tofauti ni kwamba kumi la juu umelipa kwa mamoja kumi, la chini umelipa kwa kumi moja zima. Mimi navunja, wewe unaongeza, wote tunafika.

Shida ni pale njia mbili zinapokutana kwenye kichwa kimoja cha miaka saba. Kwa mwalimu anavunja, 5 ya juu inakuwa 4. Kwa mama anaongeza, 2 ya chini inakuwa 3. Anafanya zote mbili kwa heshima ya wote wawili: 12 kutoa 7 ni 5, 4 kutoa 3 ni 1. Anaandika 15. Nikiona 15 kwenye swali hilo sihitaji kuuliza, najua jana nyumbani kulikuwa na kipindi.

Ombi langu: mpaka njia ya darasani ikae, mwambie mtoto akufundishe wewe. Akisema "nimekopa", muulize amekopa nini, na kilikotoka kimebaki kiasi gani. Njia yako mwonyeshe baadaye, ataifurahia akiwa na ya kwanza mkononi.

#8 Mstaafu wa Ubao

Mleta uzi, mimi nilishika chaki miaka mingi. Vijiti ni vizuri, sikatai, ila vijana mnavipenda mno. Watoto wanageuza mchezo, mwisho wa kipindi nusu wamejenga nyumba. Na mtoto asipoandika sana, mkono unabaki mzito, mwandiko unaharibika. Wetu waliandika kurasa na kurasa na walihitimu.

#9 ChakiNaUbao

Shikamoo mwalimu wangu.

La nyumba ni kweli, dakika za kwanza wanajenga. Ndiyo maana vijiti nawapa kabla ya somo, wajenge, wabomoe, kisha tuanze. Na vijiti vinaondoka mezani. Jumanne vipo, Jumatano tunavichora, Alhamisi tunaandika namba tu. Asiyeweza kuviacha narudi naye nyuma hatua moja.

La mkono nalikubali bila ubishi. Kushika penseli, kukaa juu ya mstari, kuacha nafasi kati ya maneno, hayo hayaji bila kurudiarudia. Ila mwandiko una kipindi chake. Kunakili hesabu ishirini za aina moja ili mkono ulainike, hapo tunachanganya masomo mawili, na mtoto anamaliza akili yote kwenye kuchora namba vizuri.

Jumatano nawapeleka kwenye kusoma. Pitia darasa lolote la chini usikie linasoma kwa pamoja, sauti zinapanda na kushuka, utasema wote wanajua. Hapo ndipo asiyejua anapojificha. Midomo inakwenda sawasawa na ya wenzake, nusu sekunde nyuma. Wengine wameshakariri ukurasa kwa masikio. Utamjua kwa macho yake, anasoma huku anatazama dirishani. Kipimo changu ni chepesi: naweka kidole kwenye neno la katikati ya mstari wa pili na kusema, anzia hapa. Aliyekariri anarudi kichwani mwake mwanzo wa ukurasa, anakuja akinong'ona mpaka alifikie neno. Anayesoma anaanzia palepale.

Kusoma kwa pamoja sijakufuta, kunasaidia mwendo na kunawapa moyo waoga. Lakini hakukai peke yake. Baada yake tunasoma wawiliwawili, mmoja anasoma, mwingine anafuata kwa kidole, halafu wanabadilishana. Kelele ipo. Ukipita nje utadhani mwalimu hayupo.

Kuhusu *ng* na *ng'*: ngoma na ng'ombe, ngazi na ng'ambo, nguo na ng'oa. Kwenye karatasi tofauti ni kijialama kinachoelea juu, na mtoto hana sababu ya kukithamini mpaka mdomo wake umwambie kuna kitu kimebadilika. Kwa hiyo hatuanzi na kuandika. Wanavuta *ng'* kwa muda mrefu, darasa linavuma. Kisha wanabana pua. Sauti inakatika palepale! Sasa wajaribu kuivuta *ng* ya ngoma mpaka mwisho wake: haivutiki, lazima *g* ipasuke nyuma ya ulimi. Wanacheka, wanarudia, wanabanana pua wao kwa wao. Baada ya hapo ndipo kile kijialama kinapata kazi.

Na tushukuru kwamba lugha yetu inaandikwa kama inavyotamkwa. Seymour, Aro na Erskine walilinganisha watoto wa lugha mbalimbali za Ulaya katika utafiti uliotoka mwaka 2003. Wale ambao herufi zao zinafuata sauti vizuri, kama Wafini, walisoma karibu kila neno walilopewa kabla ya mwaka wa kwanza kuisha. Wa Kiingereza walihitaji muda zaidi ya mara mbili. Kwetu mtoto akishika sauti za herufi na silabi, mlango umefunguka. Asiposhika, hakuna picha wala kubahatisha kutakakomsaidia alipofika neno asilolijua.

#10 Msomaji_tu

Swali kidogo nje ya njia. Wangu ni mpole, akiulizwa anachelewa kujibu, mwalimu anaruka kwa mwingine. Anarudi anasema "mimi sijui kitu". Mnafanyaje na watoto wa namna hii?

#11 ChakiNaUbao

Hauko nje ya njia kabisa. Mary Budd Rowe, mtafiti wa Marekani, alirekodi vipindi vya sayansi vya shule za msingi miaka ya 1960 na 1970, akakuta mwalimu akishauliza husubiri kama sekunde moja tu kabla ya kurudia swali, kujibu mwenyewe au kumpa mwingine. Walimu waliojizoeza kusubiri sekunde tatu au zaidi walipata majibu marefu, na watoto waliokuwa kimya wakaanza kuongea. Sekunde tatu! Ukiwa mbele ya darasa ni ndefu ajabu. Mimi nauliza, nahesabu kidoleni nyuma ya mgongo, na mikono hairuhusiwi kupanda mpaka niseme. Mikono ikipanda mapema, mpole anaacha kufikiri, anaona mwenye jibu kashapatikana.

Zungumza na mwalimu wake kwa utaratibu. Mwombe awe anamwachia swali mapema: "nitakuuliza hili baada ya fulani." Kwa wengi wa aina hiyo inatosha.

Alhamisi. Hesabu ya maneno. Hapa nitawapa moja mjaribu na watoto wenu usiku:

*Musa ana penseli 12. Ana penseli 5 zaidi ya Neema. Neema ana penseli ngapi?*

Darasa karibu zima linajibu 17. Wameona "zaidi", wamejumlisha. Wamefundishwa na mabango ya "neno hili maana yake alama hii", na mabango hayo ndiyo adui yangu mkubwa. Nikawaambia waweke kalamu chini. Nani ana nyingi? Kimya. Someni tena. Mmoja akasema Musa. Basi Neema akiwa na 17 na Musa 12, nani ana nyingi? Utaona nyuso zinabadilika. Wakasimama wawili mbele, mmoja Musa, mmoja Neema, wakashika penseli, wakazipanga jozi jozi mpaka za Musa tano zikabaki bila mwenza. 7. Kipindi kizima, swali moja, jibu lenye tarakimu moja. Mzazi akifungua daftari Alhamisi ataona "7" na tarehe.

Mbegu nazo zilichagua siku hiyohiyo. Jumatatu tuliloweka mbegu za haragwe, jioni tukazibana kati ya pamba mbichi na ukuta wa bilauri ili zionekane kwa nje. Kila kundi liliziweka linavyotaka: jicho juu, jicho chini, ubavu. Alhamisi mizizi ilikuwa imetoka, na hata mbegu iliyopinduliwa mzizi wake ulikuwa umejikunja ukaelekea chini. Nikauliza, mzizi umejuaje? "Unafuata maji." Lakini pamba ina maji pande zote. "Unakimbia mwanga." Tukafunika bilauri moja na kuilaza, tukaiweka kabatini. Ijumaa ncha ya mzizi ilikuwa imepinda tena kuelekea chini, gizani. Walichokiandika ni tarehe na mchoro kwa kila siku, basi. Neno "uvutano" nililitaja mara moja, nikaliacha, litarudi madarasa ya mbele.

Kundi moja mbegu yao imegoma. Wanaomba waifukue waone ndani. Nimewaambia Jumatatu.

#12 BabaWawili

Nimempa wangu hiyo ya Musa. Kasema 17. Na mama yake kasema 17. 😂

#13 Mstaafu wa Ubao

Hiyo ya Musa na Neema nimeipenda. Sisi tulikuwa tunaikwepa. Haya, maliza Ijumaa, halafu utuambie kuhusu kazi za nyumbani, maana hapo ndipo vita ilipo.

#14 ChakiNaUbao

Ijumaa. Asubuhi imla. Maneno manane na sentensi mbili. Sisahihishi kwa kupiga mkasi tu na kuandika 6/10, kwa sababu kosa la imla linasema mtoto amesikia nini. "Ngombe" bila alama ni wa wiki hii, anajua sauti na amesahau kijialama. "Mutoto" amesikia irabu ambayo haipo kwenye maandishi, huyo nampigisha makofi ya silabi. "Ninakwendashule" anajua sauti zote ila hajui neno linaishia wapi. Wote wamekosa, na kila mmoja anahitaji kitu tofauti. Ukiwapa adhabu moja ya kuandika neno mara kumi, umemsaidia mmoja.

Kisha hesabu sita: mbili za kukopa, moja isiyohitaji kukopa, moja yenye sifuri juu, moja ya maneno, moja ya mwezi uliopita. Ile isiyohitaji kukopa ni mtego, ndiyo ninayoiangalia kwanza. 58 − 23. Mtoto akikopa na hapo, ujue anafuata hatua kama wimbo na hajatazama namba. Wiki hii walikuwepo kadhaa, na Jumatatu nitaanza nao.

Kazi za nyumbani: Harris Cooper na wenzake walikusanya tafiti za Marekani za miaka 1987 hadi 2003. Uhusiano kati ya kazi za nyumbani na ufaulu waliuona, lakini ulikuwa na nguvu zaidi kwa sekondari kuliko kwa wadogo. Sisemi ziondolewe. Kwa darasa la pili natoa fupi, ya kitu anachokijua tayari, isiyozidi dakika kumi na tano, pamoja na kusoma kwa sauti mbele ya mtu mzima. Nikimpa kitu kipya aende nacho nyumbani, mzazi ndiye atakayefundisha, na tumeshaona ile 15 inavyozaliwa.

#15 Mama_Mapacha

Kwa hiyo Ijumaa nikifungua begi niangalie nini, kama si kurasa?

#16 ChakiNaUbao

Angalia makosa, mama. Kama hakuna kosa hata moja wiki nzima, uliza, huenda kazi ni rahisi mno au ananakili kwa jirani. Angalia kama kosa la Jumanne bado lipo Ijumaa. Kisha funga daftari, mpe njiti za meno ulizozifunga kumikumi na umwambie akupe 27 kutoka kwenye 52. Akifungua fungu bila kukuuliza, mpe pole ya wiki, mwache akacheze.

#17 BabaWawili

Mwalimu, na asipofungua?

#18 ChakiNaUbao

Kaa kimya. Hesabu sekunde zako nyuma ya mgongo.